Mswada wa Tausi

Tausi alikuwa haambiliki, tangu akiwa yai. Alimpelekea Nungunungu, mhariri wa msituni, mswada mnene kama gogo. Nungunungu akausoma, akashusha pumzi.

“Bwana Tausi, kurasa zote hizi za kusifu mkia zinachosha. Zikate.”

“Kila neno humo ni mwanangu!” Tausi akafoka. “Wewe unaweza kumkata mwanao?”

“Haya baba, walee.”

Kitabu kikachapwa vilevile. Siku ya uzinduzi Tausi akasimama kuwasomea wageni. Akausifu mkia mpaka mgeni rasmi, Tembo, akaanza kukoroma. Tausi akafunua kurasa harakaharaka.

“Hapa turuke,” akasema, “tufike kwenye hadithi yenyewe.”

Nungunungu miiba ikamsimama.

“Ala! Mbona unawatupa wanao njiani?”