Sindano ya Fundi Kigoda

"Inua ulimi, baba," alisema Tunu, mwanafunzi wa uuguzi katika kliniki ya wagonjwa wa akili.

Mzee Kigoda, fundi cherehani, aliuinua. Kidonge kilikuwa bado pale chini.

"Leo ndiyo mara ya kwanza kukificha," alisema kwa aibu. "Sauti zilizokuwa zikinisumbua zimenyamaza, mwanangu, sikatai. Lakini hebu tazama."

Alichomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akajaribu kutunga uzi. Mikono ilitetemeka, uzi ukapita pembeni mara tano.

"Huko kutetemeka kunaletwa na dawa," alisema Tunu bila kusita. "Daktari anaweza kupunguza dozi, au kukuongezea dawa ya kutuliza mikono. Umemwambia?"

"Hajauliza. Kila nikija mnataka ulimi tu."

Tunu alimshika mzee mkono, akaenda naye hadi kwa daktari na kusukuma mlango.

"Daktari, leo ulimi nimeshautazama mimi. Wewe mtazame akitunga uzi."

Daktari aliweka kalamu chini. Fundi Kigoda aliligeukia dirisha, akaiinua sindano kwenye mwanga.