Mkuyu Uliovuliwa Majani

Beda alianza na jani la juu kabisa. Akalikata kwa kucha, utomvu mweupe ukamchuruzikia vidoleni kama maziwa. Akakata la pili. Babu Kasimiri na Winifrida walikuwa kanisani, na padri wa sasa akishaanza kuhubiri hamalizi leo.

Mkuyu wa porini unaweza kufunika nyumba. Huu ulimzidi Beda umri na bado ulikaa kwenye chungu bapa, haufiki hata gotini. Babu aliung'oa mwambani, kwenye mteremko wa kwenda Muze, akaupunguza mizizi, akaufunga waya, akaulea mpaka ukazeeka ukiwa mdogo vilevile. Ndo ufundi wake huo, na Sumbawanga nzima hakuna mwingine anayeujua.

Beda ndo alitangulia kujifunza. Kamaliza fomu foo, kakaa nyumbani mpaka kachoka, akaja hapa bustanini. Kachota maji, kachekecha mchanga, kafumua mota mbovu apate waya wa shaba. Alafu akatokea huyu Winifrida, juzi tu hapa, na Babu akamwambia, "Mama, mkuyu huu utautunza wewe."

Eti mama. Beda mpaka leo ni "wewe kijana".

Kila asubuhi Babu aliuzunguka ule mkuyu akiguna.

"Majani makubwa mno haya. Yanauficha mti."

"Tufanyeje, Babu?" Winifrida aliuliza.

"Mikono si mnayo."

Basi, kaishia hapo. Mzee huyu hakuelekezi, anakungoja tu.

Na sasa mikono ya Babu mwenyewe ilikuwa inatetemeka kwa uzee. Kabla mvua hazijaanza angehamia Mpui kwa binti yake, na mkasi wake pamoja na bustani alisema atamwachia mmoja wao. Hata Redempta, muuza vitumbua wa pale getini, alishajua ni nani.

"Beda, mdogo wangu, kumbe utabaki kumchotea maji Winifrida," alimtania jana yake, na wateja wakacheka.

Beda akakiacha kitumbua hakijaisha, akaondoka.

Alipomaliza, mkuyu ulikuwa uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Vilibaki vikonyo tu, maana mkono wake ulishazoea kutochubua tawi, hata ukiwa na hasira. Akayazoa majani, akayatupa mtaroni. Kesho tuone nani ataitwa mama.

Jumatatu asubuhi Babu alisimama mbele ya chungu.

"Nani?"

Winifrida alikuwa kajishika mdomo. Macho yake yakatoka kwenye mti, yakatua kwenye vidole vya Beda. Utomvu wa mkuyu hautoki kwa sabuni, na ukikauka unakuwa mweusi. Beda akaingiza mikono mfukoni.

"Labda mbuzi, Babu," alisema.

"Mbuzi haachi vikonyo. Huu ni mkono wa mtu. Ni wewe?"

"Sijaugusa. Naapa mbele ya Bikira Maria."

Babu akageuza shingo taratibu. Winifrida akamtazama Beda tena, akapiga magoti.

"Ni mimi, Babu. Kaka Beda hahusiki. Nisamehe."

Beda nusura acheke. Mjinga huyu, kajimaliza mwenyewe.

Babu akachomoa mkasi kiunoni. Akauweka kwenye viganja vya Winifrida.

"Inuka, mama. Mkuyu ukivuliwa majani yote kabla ya mvua, yanayorudi ni madogo kama ukucha. Kinachotakiwa ni roho ya kuthubutu. Nilishaanza kudhani nitakwenda Mpui bila kumwona mwenye nayo."

Kisha akamgeukia Beda.

"Na wewe kijana, toa mikono mfukoni. Kamletee fundi maji."