Chai ya Bubu

Mji mzima ulimjua Shomvi kwa sauti tu. Miaka yote alimchamba meya redioni na vitabuni, hadi mwezi huu meya alipompa gari.

Asubuhi hiyo kipindi chake kilikuwa kimerekodiwa tangu jana, naye akaingia kibanda cha chai ambacho hajawahi kukanyaga, asikie watu wanavyompokea. Redio ikaanza. Sauti yake ikamsifu meya kwa barabara ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

"Lizime hilo domo, Bi Riziki," mteja mmoja akasema. "Chai itachacha."

Bi Riziki akaizima redio, akamgeukia mgeni. "Nawe kaka, nikupe nini?"

Shomvi akafumbua mdomo, akaufumba. Akanyooshea kidole birika, kisha chapati.

"Masikini, kumbe bubu!" Akamwekea chapati mbili. "Mungu naye! Huyu kamnyima ulimi, yule kampa akaukodishe."

Kisha akamwinamia, akamsemesha kwa nguvu kama kiziwi: "Sukari, kaka, imekolea?"

Shomvi akakoroga chai, akakoroga, kibanda kizima kikimtazama kwa huruma.