Ndugu za Mpambaji

Brashi nene ilipochovywa kwenye rangi nyekundu, fundi cherehani alijua leo ni zamu yake kufa.

Katika filamu ile, zombi aliyepigwa risasi ya kichwa alikuwa hana kazi tena. Alifutwa rangi, akashukuriwa, akaonyeshwa geti. Na tangu kiwanda cha nguo kifungwe, kibarua hiki ndicho kilichowasha jiko nyumbani kwake, kwa wanawe na mama mkwe wake.

Mazombi wenzake walikuwa wameshamsoma mpambaji aliyewachora sura. Akikuchora kijeraha cha shavuni, kesho utarudi. Akikufunika uso mzima, kuanzia paji hadi kidevuni, hufiki jioni. Ndivyo alivyoondoka Chiriku, mshonaji mwenzake wa kiwandani, mwanamke aliyeweza kupiga soga hata akiwa na pini mdomoni.

"Na kila akiondoka mmoja, kesho yake anakuja mgeni," mzee mmoja alikuwa amemnong'oneza kwenye foleni. "Umewaona? Hawasalimii mtu. Wanajibanza tu kule hemani kwa mpambaji."

"Ndugu zake hao," fundi cherehani alijibu. "Anatuua sisi ili aingize ukoo wake."

Sasa alikuwa kwenye kiti chenyewe. Mpambaji alipasha gundi joto viganjani kwanza, isije ikamshtua kwa ubaridi. Alimpulizia kope taratibu, kama mama anayepoza kidonda cha mtoto. Fundi cherehani hakudanganyika. Wema wa namna hii aliujua. Hata meneja wa kiwanda aliwagawia soda siku aliyowafukuza.

"Nipunguzie kidogo, dada. Shavu moja linatosha."

"Siwezi, mama. Wewe leo lazima nikufunike vizuri."

"Kwani nimekukosea nini?"

Mpambaji alitupa jicho mlangoni. Msaidizi wa mwongozaji alikuwa amesimama pale.

"Tulia, rangi itakuingia jichoni," akasema kwa sauti kubwa.

Nje, waigizaji wa watu walio hai walikuwa wamekaa chini ya miavuli. Mazombi walisimama juani, mbele ya duka la mbao ambalo lingevamiwa. Mwongozaji alishika kipaza sauti, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu zangu, zombi ni mvuja jasho! Amenyonywa mpaka amekauka! Filamu hii inamtetea!" Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Asubuhi tulisema afe nani? Yule mrefu? Haya, apigwe."

Fundi cherehani aliyasikia hayo, na akajua ni nani aliyewatilia maneno masikioni.

Akapigwa. Alianguka vizuri, magoti kwanza, halafu bega, maana hakuwahi kufanya kazi ya kulipua maishani mwake.

Alirudi hemani moja kwa moja.

"Haya, niambie," alimwambia mpambaji. "Kesho nafasi yangu anaichukua nani? Shangazi yako? Binamu yako? Au huyu bubu wako?"

Alimnyooshea kidole mmoja wa wale wageni, zombi mwenye taya lililooza, aliyejikunyata kwenye kona bila kusema neno.

Mpambaji alimkalisha fundi cherehani kitini, akaweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu mabegani mwake. Kisha akaenda mlangoni, akachungulia huku na huku, akashusha turubai.

"Msaidizi ameondoka," akamwambia mgeni. "Sema sasa, kabla hujapasuka."

"Shoga yangu wee!" taya lililooza likafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Chiriku. "Kesho uwahi, uchorwe sura mpya. Kufa si kazi. Kazi ni kunyamaza!"