Togwa ya Marehemu Bibi

Utafiti wa likizo ulipokwisha, alichojifunza mwanafunzi kilihamishwa kutoka kichwani mwake hadi kwa profesa aliyemsimamia. Chuo kiliita jambo hilo malezi.

Nsia alikuwa ametafiti togwa ya marehemu bibi yake. Aliporudi nyumbani, mama yake alimpa mwiko akoroge uji wa togwa uliokuwa jikoni.

"Mama, huu ni uji gani?"

Mama alipandwa na hasira, akampigia profesa, simu ikiwa kwenye spika. "Mwizi mkubwa wewe! Mwanangu umemfanya nini?"

"Pole, mama," profesa alijibu kwa upole. "Mwambie atie kimea uji ukishapoa. Bibi alikuwa hataki haraka. Alikuwa akinipakata pale jikoni, akiniimbia. Nimemkumbuka sana."

"Bibi gani huyo?" Nsia aliuliza.