Mkono wa Kulia

Mkono wa kushoto wa mkewe haukuwa na neno. Ulikuwa kama siku zote: kucha za bluu, na juu ya kila ukucha ua dogo la manjano limetulia katikati. Mkono wa kulia ndio uliomkosesha raha mumewe, fundi mpaka rangi wa nyumba. Nao pia ulikuwa safi.

Kwa miaka sita ya ndoa yao haukuwahi kuwa safi. Kila Jumamosi mkewe hutandaza gazeti mezani, akapanga vichupa vyake, akapaka rangi juu ya kisahani cha chuma kilichochongwa maua, akaikwangua ya ziada kwa kadi kuukuu, akalinyanyua ua kwa muhuri wa mpira na kuubingirisha juu ya ukucha kabla rangi haijakauka. Muhuri ukishikwa na mkono wa kulia, kushoto hupendeza. Ukishikwa na wa kushoto, kulia huharibika: maua yamelala upande, rangi imepanda hadi kwenye nyama.

"Kushoto alipaka mkandarasi," mumewe humtania, "kulia kaachiwa kibarua."

Sasa kibarua kafukuzwa. Mtu aliyepaka kuta za watu miaka ishirini anaujua ukingo uliopakwa na mkono mtulivu, na kingo hizi zilikuwa za mtu mtulivu, tena asiye na haraka. Mtu huyo alikuwa ameushika mkono wa mke wake, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vitano vikaisha.

"Nani kakupaka huu?"

Mkewe akauteremsha mkono chini ya meza. "Nimejipaka mwenyewe, Fundi. Kwani mtu hajifunzi?"

Hakuendelea kuuliza. Alikuwa amechoka. Shingo ilimuuma kwa dari za wiki nzima, na nyumbani kulimngoja kazi ya pili, ile isiyo na likizo. Mama yake alihamia chumba cha uani mwaka uliopita, na kabla hata hajafungua mabegi alisema mbele ya wageni kwamba mwanamke mwenye kucha za rangi hana wa kumlia chakula chake. Tangu siku hiyo yeye na mkwewe hawakusemezana. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi alikuwa yeye.

"Mwambie mkeo redio inanipasua kichwa." Mume anavuka ua na ujumbe.

"Mwambie mama yako inayolia ni redio yake." Anavuka tena.

Wiki hiyo, juu ya kubeba maneno, alitumwa na mama yake kununua miwani ya kutungia uzi kwenye sindano, pamba ya masikio, na soksi nene.

"Soksi, mama, na joto hili?"

"Miguu ya mzee haiulizwi, mwanangu."

Alinunua. Alipompelekea, akasita mlangoni. Alitaka kulisema jambo lake bila kulitaja.

"Mama, hivi Jumamosi huwa kuna mtu anakuja hapa?"

Mama yake alizivaa soksi palepale, akazivuta hadi kwenye magoti. "Mimi Jumamosi si huwa kwa dada yangu? Na mkeo mwenyewe sisemi naye. Nitajulia wapi?"

Basi ndiyo hivyo. Jumamosi mume yuko kazini, mama yuko kwa dada yake, na nyumba inabaki na mke peke yake. Mwizi gani asingeichagua siku hiyo? Alimpenda mkewe, na hilo ndilo lililomchosha kuliko dari zote. Akaamua: akimkuta huyo mtu, mke atarudi kwao siku hiyohiyo. Ijumaa alilishusha sanduku la mkewe kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi. Mkewe alipomuuliza la nini, akasema anatafuta brashi.

Asubuhi ya Jumamosi alipokuwa akifunga kamba za viatu, mama yake alimwambia kama kawaida kwamba leo anakwenda kushinda kwa dada yake. Akamtakia safari njema, akatoka. Saa sita mchana alimwambia mwenye nyumba aliyokuwa akiipaka kwamba anaumwa, na hakuona kama amedanganya.

Nyumbani alikuta sebule tupu. Gazeti halikuwa mezani. Vichupa havikuwepo. Lakini harufu ya rangi haimpotei mpaka rangi. Aliifuata ikamtoa nje, ikamvusha ua uleule anaouvuka kila siku, ikamfikisha kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Ulikuwa umefungwa, na pazia la dirisha limeshushwa.

Chumba cha mama yake mzazi. Akatega sikio.

"Polepole, unanifinya," ilisema sauti ya mkewe ndani. Kisha wakacheka wawili. Mwenzake alicheka chini chini, kama mtu aliyezoea kujificha. Mkewe alicheka kwa moyo wote, na mpaka rangi akatambua kwamba kicheko kile hajakisikia mwaka mzima.

Akausukuma mlango.

Mkewe alikuwa kitandani, mkono wa kulia ameulaza juu ya mto. Aliyeushika alikuwa amemwinamia, miwani mipya kwenye ncha ya pua, muhuri mkononi, pamba imebanwa kati ya vidole vya miguu. Soksi nene zilikuwa sakafuni. Kucha zote kumi za miguu ile ya kizee zilikuwa za bluu, na juu ya kila moja ua dogo la manjano limetulia katikati.

Mama yake hakuinua kichwa.

"Mwambie mkeo," alisema, "aache kutikisika."