Bado Wapo?

Masele alianza na nyoka wale wadogo ili mkono uzoee.

Aliwatoa mmoja mmoja kwenye masanduku yao ya mbao: kwanza wala-mayai, wembamba kama kamba ya kiatu, aliokuwa akiwalisha mayai ya kware, kisha wale wa rangi ya chungwa ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwazalisha Mwanza nzima. Mpini wa jembe ulifanya kazi haraka. Hakuna aliyemuuma. Walikuwa wamezoea kushikwa, wakajizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wakitafuta joto.

Shimo alikuwa amelichimba nyuma ya nyumba, mahali ambapo ua wake unapakana na ukuta wa kiwanda. Paulo, jirani yake pale Nyakato, alikuwa amesimama akitazama.

"Hapo umefanya la maana, kaka," Paulo alisema. "Mwanamke gani atakubali kulala na chatu ng'ambo ya ukuta wa chumba chake?"

Masele akarudi ndani kumchukua mwingine.

Mkewe, Winnie, alikuwa ameondoka siku chache baada ya chatu mweupe kutaga. Chatu huyo Masele alimpata angali mdogo, kwa wavuvi waliomkuta kwenye mawe ya ziwani, wakataka kumuua wakidhani ni mzimu. Akamlea, akamhangaikia dume mpaka akampata. Asubuhi alipoyaona mayai alipiga kelele za furaha hadi majirani wakatoka nje. Winnie yeye alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Jumapili iliyofuata akafunga mzigo.

"Nyumba hii siwezi tena," alisema. "Miaka yote hii, Masele, umewahi kuniuliza mimi nataka nini?"

Kisha akaingia chumba cha nyoka, akamtazama chatu kwa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Masele akajua ile ni chuki. Winnie akashika njia ya bandarini, kwenda kwa mama yake kule kisiwani, Nansio.

Swali lile lilimkosesha Masele usingizi, ingawa jibu aliliona liko mbele ya macho. Nani alisugua masanduku kila asubuhi? Nani alifuga panya wa kuwalisha mpaka khanga zake zikanuka panya? Winnie. Hakulalamika hata siku moja, na sasa Masele aliona kwamba kunyamaza kule ndiko kulikuwa kulalamika kwenyewe.

Kwenye simu hawakuwa na maongezi.

"Bado wapo?" Winnie aliuliza.

"Wapo."

"Na mayai?"

"Hayajaanguliwa."

Alimsikia akishusha pumzi. "Haya," akasema, na simu ikakatika. Kila alipopiga ilikuwa hivyo hivyo. Hakumuuliza amekula nini wala ameamkaje. Anangoja waondoke, Masele aliwaza, ndipo arudi.

Alijaribu kuwagawa. Ndalahwa, mcheza ngoma ya nyoka kutoka Magu, alikuja akawakagua, akatikisa kichwa.

"Hawa ni wa ndani, ndugu yangu. Ukiwaachia porini watakufa njaa, na wasipokufa njaa watapigwa mawe. Mimi sina pa kuwaweka. Na huyu mama anaatamia, huwezi kumhamisha mpaka watoto watoke."

Basi likabaki jembe.

Chatu mweupe alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejiviringisha juu ya mayai yake, amekonda, kwa maana tangu atage alikataa kula. Masele alipofungua sanduku aliinua kichwa, ulimi ukatoka, akatazama nyuma ya Masele kama anayemtazamia mtu. Masele akafumba macho.

Aliporudi kuyazoa mayai, moja lilikuwa limeanza kupasuka. Pua ndogo kama punje ya mchele ilikuwa imechungulia nje. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akalichukua na hilo.

Kesho yake alioga mara mbili, asije akamfikia mkewe na ile harufu, akapanda meli ya Nansio. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Mama mkwe alikuwa uani akianua dagaa. Masele aliinama kwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko huko nyuma. Tangu aje hajapumzika, kazi juu ya kazi."

Winnie alikuwa mbele ya kibanda kipya cha matofali, mikono imejaa saruji. Alipomwona alinyooka ghafla, akaitazama mikono ya mumewe, kisha njia aliyotoka.

"Umekuja mikono mitupu?"

"Ndiyo. Winnie, nimewamaliza. Wote, hata na mayai. Nyumba sasa ni yako. Turudi nyumbani, mke wangu."

Winnie hakulia. Aliusukuma mlango wa kibanda kwa kiwiko, polepole, mpaka ukafunguka wote. Ndani kulikuwa na masanduku mapya ya mbao, yamepangwa ukutani, kila moja na bakuli lake la maji. Na ndani ya lile kubwa kuliko yote, nyasi laini zilikuwa zimetandikwa chini ya balbu iliyokwisha kuwashwa.

"Jumamosi nilikuwa nakuja kuwachukua," alisema. "Wao tu."